Mwalimu wa Stoo ya Magodoro

Darasa lake lilikuwa ghorofa ya tatu, ndani ya stoo ya magodoro, kwenye jengo moja nyuma ya soko la Kariakoo. Mwenye magodoro alikuwa mwanafunzi wake, akampa nafasi ile kila asubuhi kabla maduka hayajachangamka. Tuliketi juu ya magodoro yaliyofungwa nailoni, watu wazima na vitambi vyetu, tukizama na kuinuka kila mmoja alipojisogeza. Mle ndani sauti haikuwa na mwangwi. Ukikosea neno, kosa lilibaki palepale mbele yako, na Mwalimu akalitazama.

Alikuwa anatufundisha Kichina.

Habari za ukoo wake sikuwahi kuzichimba. Nilijua tu kwamba alitokea kusini, upande wa Newala, na kwamba aliwahi kufundisha shule ya msingi hapa mjini mpaka akaichoka chaki. Penye utata palikuwa ni wapi alikojifunza Kichina chenyewe. Mimi aliniambia alifundishwa na madaktari wa Kichina. Massawe, jirani yangu wa duka, aliambiwa ni redio. Mwenye magodoro aliambiwa kwamba Mwalimu alipokuwa binti alikaa karibu na kambi ya mafundi wa reli wa Kichina. Asubuhi moja tukajikuta watatu wote mbele yake, tukamkabili.

"Yote kweli," alisema. "Chagueni mnayoipenda, tuendelee na somo."

Hakumwita mtu kwa jina. Alituita kwa mali tulizouza. Mimi nilikuwa Mabegi, kwa kuwa nauza mabegi ya shule. Massawe, ambaye ni Mchaga wa Rombo kama mimi, aliuza masanduku ya safari, kwa hiyo akawa Masanduku. Kulikuwa na Vipodozi, Taa, na Nywele. Wageni walicheka waliposikia, lakini mtu akibadilisha biashara alikuja kumwambia kwa heshima, kama anayekwenda kubadilisha jina ofisini.

Walimu wengine wa lugha huanza na salamu. Yeye alituambia salamu tutazikuta hukohuko, za bure. Neno la kwanza kutufundisha lilikuwa "bu yao", yaani sitaki. Tulilirudia wiki nzima. Tulilisema kwa upole, tukalisema kwa ukali, tukalisema tukiwa tumegeuza mgongo kuelekea mlangoni.

"Mtu akishajua kukataa kwa lugha ya muuzaji, hapigwi bei," alisema. "Mnaopigwa ni nyinyi mnaojua kukubali tu."

Baada ya hapo yakaja mazoezi ya kununua. Alileta chupa ya chai, au wigi, au kandambili, akajifanya yeye ndiye mwenye duka la Guangzhou kule China, nasi mmoja mmoja tukasimama mbele yake kupatana bei. Alikuwa na roho ngumu ajabu. Massawe ni mtu mkubwa wa mwili, sauti yake husikika mtaa wa pili, lakini mbele ya kile kimama chenye baibui na raba nyeupe alitoa jasho mpaka shati likamganda.

"Umecheka, Masanduku," alimwambia. "Ukicheka, bei inapanda. Rudi mlangoni, uingie upya."

Nilidhani mtu wa namna ile atakuwa hivyohivyo na mtaani. Siku moja tulishuka pamoja ngazi, tukapita kwa machinga aliyekuwa ametandaza vitambaa vya mezani. Mwalimu akauliza bei, kijana akataja bei ya kupandisha, ile ambayo hata yeye mwenyewe hakuitegemea, na Mwalimu akalipa bila neno. Nilishangaa. Tulipofika mbele nikamuuliza kulikoni.

"Nikishindana na yule, nitakuwa nimemshinda nani?" alinijibu, akakikunja kitambaa akakitia mkobani.

Ndivyo alivyokuwa, ukimshika huku, anakuponyokea kule. Alitufokea tukichelewa dakika chache, na yeye alichelewa kila mahali pengine duniani: harusini, msibani, hospitali. Kwenye somo tu ndiko hakuchelewa. Alikaa Magomeni, na mvua kubwa zikinyesha, bonde la Jangwani hujaa maji na barabara hufungwa. Siku hizo sisi wa Kariakoo, tunaokaa mlango wa pili, tulijipa ruhusa. Yeye alizunguka mbali huko, akafika raba zikiwa zimelowa, akafundisha magodoro matupu na yule mmoja aliyejitokeza. Kuna siku yule mmoja nilikuwa mimi. Alinifundisha kwa sauti ileile ya darasa zima.

Na China kwenyewe hakuwahi kukanyaga. Aliogopa ndege, wala hakuficha. Lakini kila aliyekwenda akarudi alimkalisha akamhoji: lifti za soko fulani ziko mkono gani, wenye viwanda wanakula saa ngapi, neno gani jipya vijana wao wanalitumia kwa mzigo mbovu. Hakutaka zawadi. Ukimletea kitenge cha Kichina alikigawa. Ukimletea menyu ya hoteli aliilaza kifuani. Kwa hiyo alimweleza mtu Guangzhou kama anayemwelekeza chooni nyumbani kwake.

Safari yangu ya kwanza nilikwenda na mtaji wa miaka yangu yote ya kuuza kwa rejareja. Nilifika kiwandani, nikaoneshwa begi la mfano, zuri, lenye kitambaa kizito. Nikataka kuagiza. Kisha nikavuta zipu, nikavuta tena, mara ya tatu ikaachia meno. Muuzaji akaanza kuongea haraka, akitabasamu, akinisogezea kiti. Maneno yote niliyojifunza yakanipotea. Nikampigia Mwalimu, nikaweka spika.

"Mwalimu, nisaidie, mwambie zipu hii hapana. Watoto wa shule wanavuta zipu kama wanavuta kengele."

Nyuma yake kulikuwa na honi za Kariakoo.

"Kichina umesahau?" aliuliza.

"Nimechanganyikiwa, Mwalimu. Mwambie wewe."

"Mimi siko hapo. Hilo begi nani analishika, wewe au mimi? Mwambie mwenyewe."

Akakata simu.

Nilikasirika. Hasira ile ndiyo iliyonifungua mdomo. Nilimwambia yule muuzaji sitaki, nikaeleza zipu, nikaeleza mtoto, nikaonesha kwa mikono, sarufi ikavunjika njia nzima. Aliacha kutabasamu, akasikiliza. Akaingia ndani akatoka na zipu nyingine nene, akanipa niivute mimi mwenyewe. Mzigo wangu ulipotoka bandarini nilivuta zipu za mabegi hapohapo kwenye yadi, wakala wa forodha akiniangalia kama mwendawazimu. Hakuna iliyoachia. Nilipanda ghorofa ya tatu kesho yake nikiwa nimejiandaa kumlaumu, nikajikuta namshukuru.

"Kaa chini," alisema. "Leo tunafanya usafirishaji."

Miaka ile Kariakoo ilikuwa inapanda juu kwa juu. Nyumba za vyumba sita za zamani zilibomolewa, yakaota maghorofa yenye fremu za maduka mpaka juu. Wanunuzi walikuja kutoka Lubumbashi, Lusaka, Lilongwe, wakishuka kwenye mabasi na mikoba mitupu na kuondoka na marobota. Mtu aliyejua kuagiza alikula vizuri. Darasa likajaa mpaka watu wakakaa ngazini.

Halafu Lili akafungua duka.

Jina lake halisi lilikuwa refu kidogo, mtaa ukalikata. Alikuwa mwanamke kama mimi, Mchina wa umri wangu, mkimya, mwenye miwani. Alichukua fremu mbili zinazotutazama mimi na Massawe, akajaza mabegi na masanduku yaleyale tuliyouza, kwa bei ambayo sisi tungeitoa tungerudi Rombo kwa miguu. Mwezi wa shule kufunguliwa ulikuja, na kwa mara ya kwanza nilisimama mlangoni nikitazama wazazi wakiingia upande wa pili. Nilipunguza msaidizi mmoja dukani. Mwanangu mkubwa alikuwa ndiyo kwanza amepata nafasi ya chuo.

Hapo ndipo ikajulikana kwamba Mwalimu anamfundisha Lili Kiswahili. Mchana, kwenye stoo ileile, juu ya magodoro yaleyale.

Massawe alilipuka. Alipita duka kwa duka. "Anatufundisha sisi njia ya kwao, na wao anawafundisha njia ya kutumaliza!" Asubuhi iliyofuata darasa lilikuwa na watu wachache mno. Mimi nilikwenda, lakini sikukaa. Nilisimama mlangoni nikamwambia yaliyokuwa moyoni.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, Mabegi. Mbona hukai?"

"Sijaja kusoma. Nimekuja kukuuliza. Yule mama anatuua, na wewe unampa mdomo wa kutuulia."

"Nyinyi mlipokwenda kwao, mdomo mlipewa na nani?"

"Sisi tulikwenda kununua, Mwalimu. Yeye amekuja kuuza."

Alikuwa na jibu kwa kila kitu, nami nilikuwa nimejiandaa nalo. Safari hii alivua miwani, akaifuta kwa upande wa mtandio.

"Hapo umesema," alisema. "Hilo sikulifikiria."

Niliondoka sijui nimeshinda au nimeshindwa. Nilikuwa sijawahi kumsikia akikubali.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliitisha kikao. Ofisi ilikuwa ndogo, watu wakajaa mpaka uani. Lili alikaa pembeni peke yake, mikono mapajani. Kiswahili chake kilikuwa bado cha kuombea maji, kwa hiyo mkalimani akawa Mwalimu, hapakuwa na mwingine. Alisimama katikati, akatangaza: "Nitasema yote yatakayosemwa. Msiniambie hili nilipunguze."

Massawe alisema, na hakupunguza. Mwalimu akayapeleka yote kwa Kichina, na matusi yake ndani, kwa sauti ya kawaida. Tuliomwelewa tuliinamisha vichwa. Lili alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akazungumza taratibu, na Mwalimu akafuatisha.

"Anasema, Bwana Masanduku, wewe nakujua. Samahani: wewe anakujua. Ulinunua kwenye kibanda cha baba yake Guangzhou misimu mingi. Ulimpenda sana baba yake. Ulikuwa unakaa, unakunywa chai, unawaambia habari za Kariakoo. Uliwaambia begi likishushwa asubuhi, jioni halipo. Uliwaambia mtaa gani, kona gani, upande gani wa kivuli. Anasema ramani ya kufika hapa ulimchorea wewe."

Kisha mtu mmoja uani akaangua kicheko, na ofisi nzima ikafuata. Massawe alijaribu kukunja uso, ukamshinda, akajifuta jasho. "Chai yao ilikuwa nzuri," alisema, kama anayejitetea mahakamani.

Lakini kicheko hakiuzi mabegi, na mwenyekiti alianza kuuliza kuhusu vibali na kama mgeni anaruhusiwa kuuza rejareja, sauti zikapanda upya. Hapo Mwalimu akainua mkono.

"Sasa natoka kwenye ukalimani," alisema. "Nasema mwenyewe. Mabegi aliniambia neno, nimelala nalo siku nyingi. Kweli, kununua na kuuza si kitu kimoja. Lakini nyote humu, pamoja na huyu mama, mnagombania mlango wa kuuzia. Nawauliza: begi linashonwa wapi? Mmekwenda kule miaka yote, mmeingia viwandani, mmeona mashine kwa macho yenu. Hakuna hata mmoja aliyerudi akaniambia, Mwalimu, nifundishe jina la mashine."

Akageuka, akayasema yote tena kwa Kichina. Lili akamjibu kwa sentensi fupi.

"Anasema mjomba wake anauza mashine," Mwalimu alisema.

Sitadanganya kwamba mambo yalinyooka siku ile. Watu walitoka wakigombana. Massawe alisema ni mtego na akakaa pembeni zaidi ya mwaka. Lili aliendelea na duka lake kwa muda, akibanwa na vibali, mimi nikibanwa na kodi ya fremu. Ila lile swali halikuniacha. Nilianza kwenda stoo mchana, saa za Lili, tukakaa wote wawili mbele ya Mwalimu, yeye akijifunza "sindano" na mimi nikijifunza sindano kwa Kichina. Mwalimu alikuwa ameleta cherehani ya mkono ya nyumbani kwake, anatuonesha kipande kimoja kimoja. Tulifanyia mazungumzo yetu yote hapo: nani ataleta mashine, nani atapanga banda, nani atatafuta wateja. Mara nyingi tulikwama. Kila tukikwama alitukataza kuongea lugha zetu. "Wewe sema Kichina, wewe sema Kiswahili. Mtu hawezi kutukana vizuri kwa lugha asiyoijua."

Tulipanga banda barabara ya Pugu. Lili akafunga duka la mtaani, akaleta mashine. Mabegi yetu ya kwanza yalikuwa aibu tupu. Mikanda ya mabegani ilikatika kabla muhula haujaisha, wazazi wakanirudishia dukani, mmoja akishika kiuno na kunifokea mbele ya wateja. Nililia siku hiyo, na Lili alikaa kwenye boksi la vitambaa akihesabu mikanda iliyokatika.

Mwalimu alikuja bandani akiwa amechelewa, kama kawaida yake. Alilishika begi lililokatika, akaligeuzageuza.

"Nani mjini hapa anashona mabegi yaliyokatika?" aliuliza.

"Mafundi wa Mchikichini," nilisema. "Wanaorekebisha ya mitumba."

"Basi wao wamekwishaona mabegi ya dunia nzima yalikofia. Nendeni mkawaajiri."

Tulikwenda tukawapata mafundi, mume na mke, waliokuwa wakikarabati mitumba kwenye kibaraza. Walilipasua begi letu, wakapitisha mkanda chini ya mshono wa mgongo na kuurudisha juu. Lili alitazama, akacheka kwa furaha, akampigia mjomba wake simu kumwonesha. Tangu hapo mikanda haikatiki. Leo banda lile limekuwa mabanda mawili. Malori yanapakia kwenda Tunduma na kuvuka mpaka, na mabegi yenye nembo ya twiga mmoja mdogo yapo migongoni mwa watoto ambao hawajui kama Kariakoo ipo. Massawe alikuja kujiunga na sisi na masanduku yake. Alipoingia mara ya kwanza bandani alitazama mashine zinavyokwenda, kisha akamwuliza Lili kama ana chai.

Mwalimu hakutaka hisa. Nilimsihi, Lili akamsihi, kwa Kiswahili ambacho sasa kilikuwa kizuri kuliko cha wanangu. Alisema akiwa na hisa atalazimika kuja vikaoni, na vikaoni huchelewa. Tulichokubaliana naye ni darasa pale bandani kila Jumamosi, kwa mafundi wetu wote, na hilo alilipwa na akalipokea bila kujifanya.

Baadaye lile jengo la stoo lilibomolewa lijengwe refu zaidi. Mwenye magodoro alihamia Mbagala, darasa la asubuhi likafa. Kwa kipindi Jumamosi pia zikakatika. Alituma ujumbe kwamba magoti yanamsumbua. Nilipiga simu mara kwa mara, ikawa haipokelewi. Nikaanza kuingiwa na hofu ile ambayo mtu hataki kuitamka. Nilikwenda Magomeni, mpangaji mwenzake akaniambia: "Mwalimu? Ametoka asubuhi. Siku hizi yuko saluni Kariakoo."

"Saluni? Kufanya nini?"

"Kwani mimi nitajuaje, dada."

Nilirudi mjini, nikauliza saluni moja baada ya nyingine, mpaka nikaelekezwa ya Wakongo, uchochoro mmoja karibu na maduka ya vitenge. Ndani kulikuwa na feni, harufu ya mafuta ya nywele, na wasusi wanne wakisuka. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, mtandio kichwani, hasuki wala hasukwi. Magoti ameyafunga bendeji. Mbele yake msusi mmoja, binti wa Kinshasa, alikuwa anasuka kichwa cha mteja na kusema namba za Kilingala bila kumtazama, na Mwalimu anazirudia.

"Motoba. Nsambo. Libwa."

"Hapana, Mama," binti alisema. "Umeruka nane tena. Mwambe. Anza mwanzo."

Na Mwalimu akaanza mwanzo, mpole kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Shikamoo, Mwalimu," nilisema.

"Marahaba. Ngoja, niko darasani."

Nilingoja. Alipofika kumi alivuta pumzi, akanitazama vizuri. Alikuwa amepungua, ngozi ya mikono imekuwa nyepesi. Macho yalikuwa yaleyale.

"Nimekutafuta kila mahali," nilimwambia. "Tumedhani unaumwa."

"Naumwa magoti. Mdomo hauna goti." Akamnyooshea kidole yule binti. "Huyu ndiye mwalimu wangu. Wanunuzi wa Kinshasa wanaongezeka, Mabegi, umewaona? Wa Lubumbashi unawauzia kwa Kiswahili, umezoea vibaya. Hawa wanapita mlangoni kwako wanakwenda kwa anayewasalimia kwa lugha yao."

"Wananunua mabegi?"

"Kinshasa hakuna shule?"

Nilitazama saa. Kulikuwa na lori linapakia Pugu, na Lili alikuwa ananisubiri. Nilimweleza. Hakunibishia. Alijikokota tu kwenye benchi, polepole kwa ajili ya magoti, nafasi ikabaki upande wake wa kulia.

Binti wa Kinshasa alinitazama kupitia kioo. "Na huyu ni mwanafunzi?"

"Ana kiwanda," Mwalimu alisema. "Mfundishe vizuri, ni mbishi."

Nikampigia Lili simu apakie bila mimi, nikakaa. Binti akasema namba moja mpaka kumi, haraka, vidole vyake vikiendelea kusuka. Akatuambia tumfuate. Tulianza pamoja, mimi na Mwalimu, bega kwa bega. Mwalimu alipofika saba akaruka tena, akaishia njiani. Mimi nikaendelea peke yangu, nane, tisa, mpaka kumi, bila kosa. Niliona aibu kidogo, nikageuka kumtazama, nikidhani amekasirika. Mwalimu alikuwa amenikazia macho, uso mzima umemchanua, akampiga binti kofi la pajani kwa furaha.

"Umemsikia?" alisema. "Umemsikia huyo? Huyo ni wangu."